Mikono Yote Miwili Kwenye Usukani

Nimezaliwa chini ya Mlima Meru, nimeolewa chini yake, na Mungu akipenda nitazikwa chini yake. Pamoja na hayo, Jumamosi moja asubuhi, pale Mnara wa Saa katikati ya Arusha, kijana mwenye mzigo wa batiki begani alinikimbilia akasema, "Jambo mama! Karibu sana Arusha!"

Jambo! Mimi! Hiyo ni salamu ya watu walioshuka kwenye ndege jana. Nilimjibu kwa Kimeru, maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu bado naimba kwaya, na yule kijana akarudi nyuma huku ameinua mikono.

"Samahani mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeona nini kwangu hata ukaniita mgeni?"

"Mama, hebu jiangalie."

Nikajiangalia. Kofia ngumu ya rangi ya chungwa, glavu zisizo na vidole, kizibao kinachong'aa, na katikati ya miguu yangu baiskeli yenye gia nyingi kuliko gari la mume wangu. Binti yangu, aliyekuwa kwenye baiskeli ya pili, alicheka mpaka akainama, kiganja mdomoni. Dada aliyekuwa kiongozi wetu, kwenye baiskeli ya tatu, naye alicheka, tena kwa sauti. Mimi sikucheka. Kwanza nilikuwa nimekasirika, na pili mimi sikuwa mtu wa kucheka mbele za watu. Hiyo ya pili ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Mimi ni fundi cherehani. Karakana yangu iko karibu na soko la Kilombero, na kwa miaka mingi nimeshona sare za wapishi wa hoteli, za wahudumu, na za madereva wanaopeleka wageni mbugani. Nguo zangu zimelala porini na kupanda milima. Mimi mwenyewe mji nilikuwa naujua kwa njia tatu tu: ya nyumbani, ya karakanani na ya kanisani. Binti yangu alipochumbiwa, alisema kabla hajaondoka anataka siku moja na mimi, sisi wawili, bila wateja na bila simu. Akatulipia yale matembezi ya baiskeli wanayofanya wageni, kutoka mjini mpaka Ziwa Duluti, kupanda kijiji cha Akheri, kisha kushuka hadi Maji ya Chai.

"Umewavisha wote wanaotembeza watu," aliniambia. "Siku moja na wewe utembezwe."

Nilikubali palepale, naye akashangaa, maana mimi huwa nabishana hata na kalenda. Hakujua kwamba Jumatatu iliyokuwa inafuata nilikuwa na miadi kwa daktari wa meno. Nilihitaji siku ya kuuchosha mwili ili kichwa kipumzike.

Meno yangu ni ya kahawia. Siyo ile njano ya mtu mvivu wa kupiga mswaki. Ni kahawia yenye mabaka, na mawili ya mbele yana vishimo. Aliyekulia Meru haulizi sababu. Maji yetu mengi yana madini ya floraidi, hayana rangi wala ladha, na mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajiunda chini ya fizi, meno huota yakiwa hivyo. Nyumbani kwetu, Maji ya Chai, sikujua kama meno yangu yana rangi. Baba, mama, mwalimu, mchungaji, wote tulifanana. Nilijua nilipopelekwa shule ya bweni mkoa mwingine, jioni ya kwanza, pale msichana wa kitanda cha jirani aliponiuliza kwa upole kabisa kama kwetu hakuna miswaki. Angenicheka ningempiga, yakaisha. Upole wake ndio ulionikaa rohoni.

Tangu hapo mkono wangu wa kulia ukapata kazi ya pili. Kicheko kikianza kupanda kifuani, kiganja kilikuwa kimeshafika mdomoni kukisubiri. Kwenye kwaya nilishika kitabu cha nyimbo juu mpaka puani, hata kwa nyimbo ninazozijua kwa moyo. Karakanani nilibana pini midomoni, na mteja akadhani fundi ana shughuli nyingi. Kwenye picha ya harusi yangu nimefumba midomo kama mtu aliyeweka maji kinywani. Mume wangu alikuja kuniambia baadaye sana kwamba siku ile alidhani nimeshaanza kujuta.

Sasa ilikuwa inakaribia sendofu, ile karamu ambayo kwetu binti huagwa na wazazi wake kabla ya harusi. Siku hiyo mama wa binti husimama mbele ya ukumbi, hutoa neno, hulishwa, hulisha wengine, na hupigwa picha nyingi kuliko alizopigwa maisha yake yote. Wakwe walikuwa wanatoka Dar es Salaam. Nikawaza meno yao meupe yamejipanga meza ya mbele, na mimi nimeshika kipaza sauti kwa mkono mmoja na mdomo kwa mkono wa pili. Nikaenda kwa daktari kimyakimya. Alinieleza kwamba atayasaga kidogo meno ya mbele, kisha ayagandishie vipande vyeupe. Alinieleza pia kwamba kilichosagwa hakirudi. Nikamwambia sawa, Jumatatu.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kwenye baiskeli ile, na hakuna aliyeyajua.

Kuendesha nilijifunza utotoni kwa baiskeli ya baba, ile nyeusi nzito, nikipitisha mguu katikati ya fremu kwa kuwa sikuifikia siti. Watu husema mwili hausahau. Wangu ulikuwa umesahau, na ulianza kukumbuka kidogokidogo tulipofika Kijenge, baada ya mafundi wa vitanda walioko kando ya barabara kuacha randa zao na kunipigia makofi. "Kaza mama! Usimwangalie mtu!" Nikakaza. Mmoja akauliza kwa sauti kama naenda kuchukua medali au naenda hospitali, na wenzake wakamwambia amwache mama wa watu.

Kiongozi wetu alikuwa mwembamba, miguu yake ya chuma, na anajua kila kichochoro. Alitupitisha nyuma ya mji, kwenye njia za vumbi nisizowahi kuzikanyaga ingawa ziko karibu tu na kwangu. Tulivuka mto Themi mahali ambapo watu wanalima mchicha na figiri mpaka ukingoni kabisa. Nimekula mboga zile maisha yangu yote na sikuwahi kujua zinatoka chini ya daraja ninalopita kila siku. Tukapita mashamba ya kahawa, matunda ya mwisho yakiwa bado mekundu matawini, na jakaranda moja iliyowahi kuchanua kabla ya wenzake. Mlima ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni. Kiongozi akitoa maelezo yake ya wageni, mimi namsahihisha, naye anasema, "Asante mama, hiyo nitaiongeza."

Nilichokipenda zaidi ni kusimama. Mwenyeji akisimama katikati ya njia, watu humuuliza amepoteza nini. Mgeni anaruhusiwa kusimama tu na kutazama, na hakuna anayemsumbua. Nilisimama kutazama mwanamke akitwanga. Nilisimama Duluti kutazama maji ya kijani yaliyotulia na ndege mweusi akikausha mabawa juu ya gogo. Nilikuwa nimepeleka sare Tengeru mara nyingi, dakika chache kutoka pale, na sikuwahi kushuka kutazama. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikajisikia vizuri sana, kwa sababu ziwa lilikuwa bado lipo na mimi pia nilikuwa bado nipo.

Kupanda Akheri tuliburura baiskeli. Njia inapita katikati ya migomba, kahawa chini, ng'ombe ndani ya mabanda, na kila ua lina mtu wa kuuliza habari za huko utokako. Jasho lilinitoka mpaka kwenye glavu. Tulipumzika nje ya shule ya msingi, watoto walikuwa wanacheza uwanjani ingawa ni Jumamosi, wakatuzunguka kuchezea kengele za baiskeli. Walikuwa wanacheka, na mimi, kwa mazoea ya mtu aliyeishi na aibu kama yangu, niliwatazama vinywani. Wakubwa walikuwa na meno kama yangu. Wadogo, wengi wao, walikuwa na meno meupe.

"Ni lile," alisema kiongozi, aliyeona ninakotazama, akaniashiria tangi kubwa la maji ya mvua pembeni ya madarasa. "Na majumbani pia siku hizi wanakinga, au wanachuja. Mdogo wangu wa mwisho ana meno kama ya kwenye tangazo. Tunamchukia wote."

Akacheka, meno yake yote nje. Yalikuwa ya kahawia kuliko yangu. Nilikuwa nimekaa naye tangu asubuhi, nikiyaona kila mara alipogeuka kutuangalia kama tupo, na bado nilishtuka.

Kabla ya kushuka alitupanga. "Mama, hapa kanuni ni moja tu. Mikono yote miwili kwenye usukani mpaka chini. Usiachie hata ukiwashwa pua."

Nilianza kwa breki. Zikawa zinapiga kelele, nikaziachia kidogo, na upepo ukaingia kwenye mikono ya blauzi. Hapo ndipo ndama mmoja akachomoka kwenye ua, kamba inaburuzika shingoni, akaanza kukimbia sambamba na mimi, mkia juu, akinitazama kwa jicho moja. Nyuma yake mwenye ndama anakimbia, anapiga kelele, "Simama! Simama wewe!" Nyuma yangu binti yangu naye anapiga kelele, "Mama, simama! Simama!" Na mimi na yule ndama hakuna aliyesimama.

Kicheko kikapanda. Nilikisikia kinakuja, na mkono wa kulia, mtumishi wangu mwaminifu, ukaachia usukani kwenda kukipokea. Baiskeli ikayumba. Mkono ukarudi mbio. Kicheko hakikurudi. Kilitoka chote, mdomo wazi, mbele ya akina mama wanaochambua maharage barazani, mbele ya wazee, mbele ya ndama, na sikuwa na mkono wa ziada wa kukifanyia lolote. Nilicheka mteremko mzima. Nilicheka nilipoikosa kona, nikacheka nilipoingia kwenye migomba, na niliendelea kucheka nimelala chali juu ya majani makavu, gurudumu la nyuma likizunguka peke yake.

Binti yangu alifika anahema. Alipoona sijaumia alisimama juu yangu, ananitazama, na macho yake yalikuwa mdomoni mwangu. Nikafumba. Nikajifuta majani, nikasema twende, saa zinakwenda. Akaniinulia baiskeli.

Tukashuka kupitia njia za mashambani za Kikwe ili kukwepa malori ya barabara kuu, na mchana tukatokea Maji ya Chai. Nilikuwa sijatembea kwa miguu sokoni pale tangu wazazi wangu walipofariki. Mabasi yanapita yakipunguza mwendo, wauzaji wanayakimbilia na mabeseni ya ndizi na maparachichi kichwani, kama walivyokuwa wanafanya nikiwa mtoto. Tulikaa kwenye benchi la mwanamke wa rika langu aliyekuwa anauza ndizi mbivu. Tulisalimiana kwa Kimeru, akaniuliza ukoo, akamfahamu marehemu baba, akaniongezea ndizi. Kisha akamuuliza kiongozi kwa nini nina matope mgongoni, na kiongozi akamsimulia habari ya ndama, bila kuacha kitu, pamoja na sauti ya ndama mwenyewe.

Yule mama alicheka akapiga benchi. Kiongozi akacheka. Binti yangu akacheka, kiganja mdomoni.

"Huyu binti anaumwa jino?" yule mama aliuliza ghafla.

"Hapana mama," binti akajibu.

"Basi toa mkono." Binti akautoa, akiwa bado anatabasamu. Yule mama akamtazama kama anayekagua mkungu. "Haya! Meno meupe hivi, umeyafunika ya nini? Mimi ningekuwa nayo ningelala mdomo wazi."

Binti akacheka tena, na mkono ukapanda tena. Akauangalia, kana kwamba umepanda wenyewe. "Ni mazoea tu," alisema. "Mama anacheka hivi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo wanawake wanavyocheka."

Hakusema kwa ubaya. Alimenya ndizi yake akaendelea kula. Mimi ndizi yangu ilinishinda.

Ni lazima mjue nilivyoyahangaikia yale meno meupe. Tangu anazaliwa niliweka mapipa chini ya kila bati. Kiangazi nilifuata maji kwenye chemchemi ambayo watu walisema ni salama, nikayapima kwa macho na imani. Alikwenda shule na chupa yake, na nilimwonya asinywe bombani hata akiwa anakufa kwa kiu. Nimegombana na majirani, nimegombana na mama yangu mzazi aliyesema najifanya mzungu. Meno yake ya ukubwani yalipoota meupe, moja baada ya jingine, nilimshukuru Mungu kwa kila moja, na niliona kazi yangu imekwisha. Nilimkinga na maji. Haikunijia hata mara moja kumkinga na mkono wangu.

Nilinyanyuka nikasema nataka kuuona mto. Kiongozi alikuja pamoja nasi mpaka ukingoni. Maji yalikuwa vilevile, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yakipita kwenye mawe. "Hapa ndipo huwa nawaonyesha wageni meno yangu," alisema. "Wengi wanadhani hii rangi ya mto ndiyo imepaka. Nawaeleza kwamba hapana, ni kitu kingine kisichoonekana. Leo nimepumzika, wageni wenyewe ni wenyeji."

"Huoni aibu?" nilimuuliza. Lilinitoka tu.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Aibu ya nini, mama? Nilikuwa na kiu, nikanywa." Akarudi kuangalia baiskeli.

Nilimweleza binti yangu palepale, tumesimama na viatu vyetu vya vumbi. Nilimweleza habari ya bwenini, picha ya harusi, kitabu cha nyimbo, na Jumatatu. Nilidhani atafurahi, au atalia. Alitupa ganda la ndizi vichakani.

"Atayasaga?"

"Kidogo. Kwa mbele."

"Na hayarudi."

"Hayarudi."

"Mama, ni meno yako. Ukitaka kuyafanya kwa ajili yako, nitakusindikiza Jumatatu, nitakushika mkono. Ila usiyafanye kwa ajili ya picha zangu." Kisha akageukia mto. "Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakuchekesha makusudi. Nilikuwa najaribu kila siku. Nilitaka kuona tu. Halafu unaweka mkono, unageukia ukutani, na mimi nadhani sijakuchekesha vya kutosha. Leo kwenye migomba ndiyo mara ya kwanza nimeona."

Nililia. Sitajifanya hapa kwamba sikulia. Nililia kwa sauti ukingoni mwa mto wa kwetu, na huwezi kulia hivyo huku umefumba mdomo, kwa hiyo meno yakaonekana tena, mara ya pili siku hiyo.

Jumatatu nilimpigia daktari nikamwomba aniahirishie mpaka baada ya sherehe. Alikuwa muungwana, akasema nikiwa tayari nipige. Sijapiga. Sisemi sitapiga kamwe, maana vile vishimo viwili vya mbele vinakamata chakula na iko siku vitanisumbua. Wala sitaki mtu anielewe vibaya: maji yale si pambo, yameumiza watu wetu, wengine mpaka mifupa, na kila tangi linalojengwa shuleni nalifurahia kama limejengwa nyumbani kwangu. Lakini yaliyoharibika kwangu yalikwishaharibika, na mwenye haraka ya kuyaficha nilikuwa mimi peke yangu.

Sendofu ikafika. Gauni la binti nilishona mwenyewe, na langu pia, na kizibao cha mume wangu ambaye aliagizwa asinenepe na hakutii. Ndafu ililetwa, mbuzi mzima wa kuokwa, kasimamishwa na majani kinywani, na vigelegele vikapigwa. Wakwe kutoka Dar es Salaam walikuwa watu wa kawaida kabisa. Mama mkwe mwenyewe, niliyemwogopa wiki zote zile, alikuwa na pengo mbele na hakulijali.

Nilipoitwa mbele kutoa neno, nilisema machache, huku nikiiona mikono yangu ikitafuta kitabu cha nyimbo ambacho hakikuwepo. Nilisema nimempenda binti yangu tangu hajafungua macho. Nilisema aende kwa amani. Ningeishia hapo salama. Lakini kaka yangu, mjomba wa binti, alikuwa amesikia habari ya Akheri, na mtu aliyempa kipaza sauti baada yangu alifanya kosa kubwa. Kaka aliusimulia ukumbi mzima. Alimwigiza mwenye ndama, akamwigiza binti, na alipofika kwa ndama aliinua mkia wa koti lake akakimbia kuizunguka meza ya keki.

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Binti yangu alikuwa amesimama mbele yangu, tayari kunilisha kipande cha nyama ya ndafu, na mpiga picha alikuwa ameshapiga goti. Nilikiona kicheko kikimpanda, nikaona bega lake la kulia likianza kuinuka. La kwangu nalo lilikuwa linainuka. Kile kipande cha nyama kikaanguka chini. Nikamkamata mikono, yote miwili, kwa yangu yote miwili, na nikaibana kwa nguvu zote kama usukani siku ile kwenye mteremko.

Alijaribu kuchomoa, mara moja tu. Kisha akaelewa, akanishika naye.

Picha hiyo nimeitundika karakanani juu ya cherehani, mahali ambapo kila anayekuja kupimwa lazima aione. Jakaranda za mjini sasa zimechanua zote, na Jumamosi nyingine nikifunga mapema naazima baiskeli kwa yule dada kiongozi, nakwenda kusimama mahali. Wateja huniuliza picha ilipopigwa tulikuwa tunacheka nini, na mimi nawasimulia, pini zikiwa kwenye kifuko chake. Tumefungua vinywa mpaka magego yanaonekana, yake meupe, yangu ya Maji ya Chai. Nyama iko sakafuni karibu na viatu vyetu. Na mikono yetu yote minne iko pale chini katikati yetu, imeshikana.